Dar inaishia wapi?

Hebu nielezeni, wandugu. Februari 2021 Rais Magufuli alilivunja Jiji la Dar es Salaam, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kwa hesabu hizo Chanika, kule mbele ya Pugu, ni jiji. Masaki, kwa kuwa iko Kinondoni, ni manispaa tu. Na Chuo Kikuu pale Mlimani, wilaya ya Ubungo, kiko nje ya jiji! Vichekesho.

Anayeamka saa kumi alfajiri Vikindu, mkoa wa Pwani, akagombania daladala aje kazini Kariakoo, huyo ni mtu wa Dar. Lakini barabara yake inapangwa kama ya kijijini. Mbona maji ya Ruvu tunayokunywa yanatoka Pwani na hatuyaulizi mkoa? Dar na Pwani zipangwe pamoja, basi. Au nakosea?