Mgodi si Shimo Tu

Wahenga walinena kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Huku kwetu Kakamega methali hii si ya mtihani tu. Tunaijua kwa macho, maana mashimo ya dhahabu yako nyuma ya nyumba za watu, na wanaoingia humo ni kaka zetu.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa ushauri wa kazi alituuliza, mmoja mmoja, tunataka kuwa nani. Wa kwanza akataka udaktari, wa pili urubani, wa tatu uanasheria. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi nataka kuwa mkurugenzi wa kampuni ya migodi." Lo! Darasa zima likaangua kicheko. Mvulana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Ati utaingia shimoni na sketi?" Nilikaa chini nikiwa nimenywea kama kuku aliyenyeshewa. Lakini tangu siku hiyo nimelifikiria swali lake, na leo nataka kulijibu.

Maoni yangu ni haya. Sisi tunaokaa juu ya dhahabu tumezoeshwa njia moja tu ya kuifikia, nayo ni sururu na kamba. Wakati umefika kwa vijana, na hasa wasichana, kuianza mapema safari ya kuwa wahandisi, mameneja, wakurugenzi wakuu na hatimaye wajumbe wa halmashauri za wakurugenzi. Kwa nini? Kwa sababu huko ndiko mambo yanakoamuliwa.

Tazama historia. Mnamo mwaka wa 1931 habari za dhahabu ya Kakamega zilienea, na Wazungu wengi wakamiminika hapa. Ardhi ya wenyeji ilikuwa imelindwa na sheria, lakini mwaka wa 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria hiyo ili ardhi ya uchimbaji ichukuliwe bila wenyeji kupewa ardhi nyingine badala yake. Nani aliwauliza babu zetu? Hakuna. Katika Baraza la Kutunga Sheria hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka wa 1944. Mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi ukafungwa mwaka wa 1952. Babu zetu walikuwa shimoni, lakini hawakuwa mkutanoni. Hapo ndipo penye kiini cha makala hii.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Haya basi, nitasema ya juzi. Binamu yangu aliacha shule akiwa kidato cha pili akaenda kuchimba. Wiki za kwanza alituletea nyama na mkate, nasi sote tukamsifu, mimi nikiwa mmoja wao. Kisha siku moja, baada ya mvua, udongo ukaporomoka. Magogo ya kuegemeza kuta yalikuwa yameoza, na kila mtu pale alijua yameoza. Walimtoa akiwa hai, lakini mguu wake wa kushoto hauna kazi tena. Nilipomwuliza kwa nini waliingia ilhali walijua, alinijibu, "Dada, nani angesema tusiingie? Mwenye shimo hakuwepo."

Jibu hilo halinitoki akilini. Nani angesema tusiingie? Katika mgodi mkubwa swali hili lina jibu, na jibu lenyewe ni cheo. Kuna msimamizi wa zamu, kuna meneja wa mgodi, kuna mkurugenzi mkuu, na juu yao wote kuna halmashauri ya wakurugenzi. Halmashauri haichimbi wala haiendeshi kazi za kila siku. Inamwajiri mkurugenzi mkuu na inaweza kumfuta. Inapitisha bajeti, inakagua hesabu, inauliza kuhusu usalama na mazingira. Kwa ufupi, kazi yake ni kuuliza maswali magumu, na asiyejibu vizuri anakwenda nyumbani.

Mfano ninao. Mwaka wa 2007 mwanamke Mmarekani kwa jina Cynthia Carroll alikuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni kubwa ya Anglo American, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho. Mwaka huo huo wachimbaji walipoendelea kufa katika migodi ya platini ya Rustenburg, Afrika Kusini, aliamuru kazi isimamishwe kwa majuma kadhaa hadi usalama uangaliwe upya. Hebu fikiria! Kampuni inapoteza fedha kila siku, wanaume wenye uzoefu wananung'unika, na mama mmoja anasema hapana, kwanza watu wasife. Binamu yangu hakuwa na mtu wa namna hiyo.

Tena mama huyo hakuanguka kutoka mbinguni. Alisoma jiolojia, akafanya kazi ya kutafuta mafuta, akasomea biashara, akapanda ngazi katika kampuni ya alumini ya Alcan kwa miaka mingi ndipo akaitwa kuongoza. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa nimjibu yule wa sketi. Kwetu husemwa kwamba mwanamke akiingia shimoni dhahabu hukimbia. Mama zetu na dada zetu huachiwa kuponda mawe na kuosha mchanga kwa zebaki, sumu inayoingia mwilini polepole, ila dhahabu yenyewe huuzwa na wanaume. Hata ulimwengu mzima ulikuwa na mawazo karibu na hayo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka wa 1935 ulikataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi. Lakini kumbe mkataba wenyewe uliacha mlango wazi: nchi ziliweza kumruhusu mwanamke mwenye cheo cha usimamizi asiyefanya kazi ya mikono. Kwa hiyo hata wale wazee wa 1935 walijua kwamba mwanamke anaweza kuwa meneja wa mgodi. Wewe kijana wa leo unashindwaje kulijua?

Njia ni ipi basi? Kwanza ni masomo. Hisabati, fizikia, kemia na jiografia ndiyo mizizi. Wasichana wengi wa darasa letu waliitupa fizikia mara tu walipopewa nafasi ya kuchagua, nao ndio walionicheka zaidi. Baada ya hapo kuna vyuo. Chuo Kikuu cha Taita Taveta hufundisha uhandisi wa migodi, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha jiolojia. Asiyependa mawe asikate tamaa, kwani halmashauri huhitaji pia wahasibu, wanasheria na wataalamu wa mazingira. Pili ni kuanzia chini kwenye vumbi. Meneja ambaye hajawahi kusimama mgodini usiku atadanganywa na kila ripoti. Tatu ni subira. Kiti cha halmashauri si cha mtu wa miaka ishirini na mitano. Huenda safari ikachukua miaka ishirini au zaidi.

Wako watakaosema, "Kenya hakuna migodi, utaajiriwa wapi?" Si kweli. Magadi ya soda yamechimbwa tangu enzi za ukoloni. Kule Kwale, Base Titanium ilianza kuuza madini yake nje ya nchi mwaka wa 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024 madini yalipokwisha. Naam, mgodi hufa. Lakini ujuzi haufi. Aliyejifunza kuendesha mitambo au kusimamia hesabu kule Kwale anaweza kuubeba ujuzi huo hadi Geita, Zambia au Australia. Aliyejifunza kuvuta kamba tu hana cha kubeba.

Wengine wanasema viti hivyo ni vya watoto wa wakubwa. Siwezi kukataa kwamba kujuana kupo. Hata hivyo, sheria imeanza kutufungulia njia. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Hiyo 10 ni yetu. Lakini ikiwa hapana mtu wetu anayeweza kusoma vitabu vya kampuni, tutajuaje kama ni 10 kweli?

Aidha, nisiwadanganye kwamba kumweka mtu wetu kitini kunatosha. Cyril Ramaphosa alikuwa kiongozi wa chama cha wachimba migodi cha Afrika Kusini, mtetezi wa wafanyakazi hasa. Baadaye akawa tajiri, akawa mjumbe wa halmashauri ya kampuni ya Lonmin. Mwaka wa 2012, wafanyakazi wa Lonmin walipogoma kule Marikana, polisi waliwapiga risasi wakawaua 34 kwa siku moja. Tume ya uchunguzi haikumtia hatiani, lakini mwaka wa 2017 yeye mwenyewe aliomba radhi kwa lugha aliyotumia katika barua zake wakati wa mgomo ule. Funzo ni gani? Kwamba mtu anaweza kutoka shimoni, akafika juu, na bado sauti za shimoni zikawa mbali naye. Atakayepanda na apande na masikio yake.

Mimi nimeanza na kidogo nilichonacho. Ni mweka hazina wa chama hiki cha Kiswahili. Mwaka jana hesabu ya nauli ya safari yetu ilipungua shilingi 340. Nikauliza mkutanoni. Wenzangu walinuna, wakaniita mchongezi, na rafiki yangu mmoja hakunisemesha kwa juma zima. Baadaye risiti ilipatikana ndani ya daftari la kumbukumbu. Hapakuwa na mwizi. Je, nilikosea kuuliza? La hasha! Kama hatuwezi kuuliza kuhusu shilingi 340 mbele ya marafiki, tutaulizaje kuhusu mamilioni mbele ya wageni?

Namalizia kwa kuwaomba walimu watupeleke mgodini tukaone ofisi pia, si mashimo tu. Nawaomba wazazi wasisifu nyama ya Jumamosi inayoletwa na mtoto aliyeacha shule. Mimi niliisifu, na leo najuta. Nanyi wasichana wenzangu, rudini kwenye fizikia.

Na kwa yule aliyeniuliza kama nitaingia shimoni na sketi: ndiyo, ndugu yangu, nitaingia, na buti na kofia ngumu nitavaa. Nikiona magogo yameoza, nitasema hakuna mtu kuingia.