Neno la Mhariri: Sauti Hutunzwa na Wapenzi Wake

Jazi, na roki iliyokuja baadaye, ni aina za muziki ambazo historia yake imejengwa juu ya santuri zaidi ya maandishi, kwa kuwa mpigaji hubuni sehemu yake papo hapo na alichokibuni hakiwezi kurejeshwa kikamilifu na noti zilizoandikwa karatasini. Asiyerekodiwa hutoweka, hata kama ndiye aliyewafunza wengine. Buddy Bolden, mpiga koneti wa New Orleans ambaye wanamuziki waliomsikia mwanzoni mwa karne ya 20 walimtaja miongoni mwa waanzilishi wa jazi, hakuacha sauti hata moja inayojulikana, ilhali santuri inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jazi ilitolewa mwaka 1917 na bendi ya Wazungu, Original Dixieland Jazz Band. Toleo hili limetengwa kwa ajili ya mtu ambaye vitabu vya historia ya muziki vimezoea kumtaja pembeni tu, yaani mpenzi wa muziki anayetafuta, kulinganisha na kutunza rekodi adimu, na hoja yake ni kwamba bila mtu huyo sehemu kubwa ya historia hiyo isingekuwa na ushahidi.

Rekodi huitwa adimu kwa sababu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ipo santuri iliyofyatuliwa kwa idadi ndogo, ikauzwa, ikachakaa, na nakala zake zikabaki chache; na ipo sauti iliyonaswa kwenye mkanda ambao haukuwahi kufika sokoni. Katika aina ya kwanza, ujuzi wa mkusanyaji huonekana kwenye mambo ambayo msikilizaji wa kawaida hayatazami. Santuri za kampuni ya Blue Note ya New York za miaka ya 1950 ni mfano mzuri: kati ya mwisho wa mfereji wa sauti na lebo ya katikati pana utepe laini usio na muziki, na mwenye kuijua kazi huinamisha sahani kwenye mwanga ili asome alama zilizochongwa hapo. Herufi RVG humwambia kwamba fundi mitambo Rudy Van Gelder ndiye aliyekata sahani mama, na alama ndogo yenye umbo la sikio, ambayo kwa hakika ni herufi P ya mwandiko wa mkono, humwambia kwamba santuri ilifyatuliwa na kiwanda cha Plastylite, kabla Blue Note haijauzwa kwa kampuni nyingine katikati ya miaka ya 1960. Wapo wanaodhani kwamba kuhangaika na alama hizo ni kupoteza muda, lakini kazi hiyo haina tofauti na ya mtaalamu wa miswada ya kale anayechunguza wino na karatasi, kwa sababu lengo lake ni kujua nakala ipi iko karibu zaidi na mkanda wa asili, na kwa hiyo ipi ya kuaminiwa pale matoleo ya baadaye yanapotofautiana.

Aina ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, na hakuna mfano unaoidhihirisha kama ule wa John Coltrane. Mwaka 1957 mpiga saksofoni huyo alipiga kwa miezi kadhaa pamoja na mpiga piano Thelonious Monk katika klabu ya Five Spot ya New York, na waliokuwepo walisema kwamba hapo ndipo Coltrane alipobadilika. Hata hivyo, kwa miaka mingi ushahidi uliokuwepo ulikuwa nyimbo chache tu za studio. Mwaka 1993 ilitolewa rekodi ya wawili hao wakiwa Five Spot, ambayo baadaye ilibainika kuwa ya Septemba 1958, na aliyeirekodi hakuwa fundi wa kampuni yoyote bali Naima, mke wa Coltrane, kwa mashine ndogo ya mkanda aliyoibeba mwenyewe. Sauti yake ni hafifu, lakini ndani yake Coltrane anasikika wazi akiwa katika kazi ya kujitafuta. Kisha mwaka 2005, wakati mikanda ya zamani ya redio ya Sauti ya Amerika ilipokuwa ikihamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mtaalamu wa maktaba hiyo, Larry Appelbaum, alikutana na mikanda ya onyesho la Carnegie Hall la tarehe 29 Novemba 1957, akawatambua Monk na Coltrane. Mikanda hiyo ilikuwa imekaa rafuni karibu nusu karne. Haikuokolewa na orodha. Iliokolewa na sikio la mtu aliyeupenda muziki huo kiasi cha kujua alichokishika.

Naima anarudi tena katika habari ya tatu. Tarehe 6 Machi 1963 Coltrane na wenzake McCoy Tyner, Jimmy Garrison na Elvin Jones walirekodi nyimbo za kutosha albamu nzima katika studio ya Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, na nakala ya kusikilizia ikapelekwa nyumbani. Mkanda wa asili wa kampuni iliyowarekodi ulipotea. Ule wa nyumbani ukabaki kwa familia ya Naima, na ndio uliowezesha albamu hiyo kutolewa mwaka 2018, miaka 55 baada ya kurekodiwa. Kampuni yenye ghala, makarani na wanasheria ilishindwa kutunza kile ambacho mtu mmoja alikihifadhi kwa mapenzi tu.

Upande wa roki, ambayo mizizi yake iko kwenye bluzi, mambo ni hayohayo. Nyimbo nyingi za bluzi za Charley Patton zilitolewa na kampuni ya Paramount, iliyomilikiwa na kiwanda cha viti huko Wisconsin, na kwa kuwa sahani mama za chuma hazikusalia, kila anayezisikia leo anazisikia kutoka kwenye santuri chakavu zilizookotwa na wakusanyaji mlango kwa mlango. Bendi ya Rolling Stones nayo ilianzia kwenye santuri za kuagiza: Oktoba 1961, katika stesheni ya treni ya Dartford, Uingereza, Keith Richards alimwona Mick Jagger akiwa na santuri za Chuck Berry na Muddy Waters kwapani, na mazungumzo yakaanza. Mapenzi ya santuri yakazaa muziki mpya.

Haifai kuficha kwamba mapenzi haya yana ugonjwa wake. Yupo anayenunua santuri kwa sababu ya bei itakayofikia kesho, akaifungia kabatini bila kuipiga wala kumruhusu mtu kuinakili, na mtu huyo, kwa maoni ya jarida hili, ameipoteza rekodi sawasawa na aliyeitupa jalalani. Yupo pia anayefyatua nakala za wizi, biashara iliyoshamiri katika roki tangu mwaka 1969, nyimbo za Bob Dylan zilipouzwa bila idhini yake kwenye santuri iliyopewa jina la Great White Wonder. Bendi ya Grateful Dead ilichagua njia ya busara zaidi, kwa kuwaruhusu mashabiki warekodi maonyesho na kubadilishana mikanda mradi wasiiuze, na mwaka 1984 ikawatengea sehemu yao ukumbini.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza yanamhusu nini haya, na jibu ni kwamba yanamhusu kuliko inavyodhaniwa. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York albamu ya Uhuru Afrika, iliyopangiliwa muziki wake na Melba Liston, na humo shairi la Langston Hughes linasomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, mwaka mmoja kabla ya nchi yake kupata uhuru. Utawala wa makaburu wa Afrika Kusini uliipiga marufuku mwaka 1964. Desemba 1969 mpiga ngoma Albert Heath alirekodi albamu ya Kawaida, na muda si mrefu Herbie Hancock na wenzake wakajiita kwa Kiswahili: yeye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Eddie Henderson Mganga, Billy Hart Jabali. Wakusanyaji wa Tokyo na Chicago wanazijua albamu hizi mpaka namba za lebo, lakini matamshi ya Sanga, uteuzi wa maneno yake na namna anavyoyapa mizani ni mambo yanayohitaji sikio la mtu aliyekua ndani ya lugha hii, na bado yamechambuliwa kidogo mno.

Kazi ya nyumbani ni kubwa zaidi. Bendi za dansi za Tanzania zilizojiita Jazz, kama vile Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz na Atomic Jazz ya Tanga, ambazo muziki wao ulikuwa na undugu wa karibu zaidi na rumba ya Kuba na Kongo kuliko ule wa New Orleans, zilirekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, na zilizotaka santuri zilivuka mpaka kwenda Nairobi. Lebo za santuri hizo kwa kawaida hutaja bendi na mtunzi tu. Nani alipiga gitaa la solo, nani alishika tumba na nani alipuliza mdomo wa bata, yaani saksofoni, ni habari iliyobaki vichwani mwa wanamuziki wenyewe na wapenzi waliohudhuria dansi zao, na watu hao umri umekwenda. Wasomaji wenye santuri hizo wanaombwa wasisubiri jumba la makumbusho. Wazipige mbele ya wazee wanaozijua, waandike majina, mwaka na mahali, na waitumie ofisi ya jarida nakala ya walichoandika, ili matoleo yajayo yakichapishe pamoja na majina ya waliokitunza.