Baridi ya Kilungu si feni

Wasee, kuna ushauri unazunguka huku kwetu: pawa saplai ya kompyuta ikianza kelele, "chomoa tu feni, Kilungu kuna baridi." Mimi niliufuata. Mashine yangu, mtumba wa Luthuli Avenue, ilikuwa inanguruma kama mashine ya posho na mimi hurekodi video usiku. Fundi akakata waya za feni, akanitoza mia tatu, kukawa kimya. Nilifurahi wiki mbili. Ya tatu, ikazima nikiwa katikati ya kuhariri, harufu ya plastiki ikajaa chumba. Kazi ya siku nne, kwaheri.

Hebu piga hesabu. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80, ikitoa wati 200, inavuta 250 kutoka ukutani. Hizo 50 ni joto tupu ndani ya kisanduku cha bati. Ukungu wa Nunguni hauingii humo bila kitu cha kuusukuma.

Kelele yenyewe mara nyingi ni vumbi, ama beringi iliyokauka mafuta. Tone la mafuta ya cherehani chini ya stika husaidia kwa muda (ya kupikia hapana, nimeona mtu akijaribu). Dawa ni feni mpya: nyingi ni za sentimita 12, za zamani 8, volti 12. Pima unene pia. Na usichukue tu ile kimya zaidi dukani bila kuangalia inasukuma hewa kiasi gani. Feni dhaifu ni kama kutokuwa nayo, sema tu inachelewa kukuumiza. Ifunge ikipuliza upande uleule wa ile ya zamani.

Hapa sasa sitaki mchezo. Umeme wetu ni volti 240, na zile kapasita kubwa ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa plagi. Kubonyeza swichi hakukuhakikishii zimeisha. Kama huna mita, ama unayo na hujui pa kugusisha ncha zake, usifungue. Peleka kwa fundi, mwambie abadilishe feni, asiikate, na usimame hapo ukiangalia. Kama ni zile pawa saplai nyepesi zisizo na jina, usihangaike, nunua nyingine nzima.

Mimi nilinunua nyingine. Mkisikia mvumo kidogo kwa video zangu, ni feni hiyo, na siigusi.