Land Rover Kuukuu na Matope ya Longisa

Masika yaanzapo, barabara itokayo Bomet kwenda Narok kupitia Longisa hupitika bila taabu, kwa kuwa ina lami. Taabu huanza pale gari linapoiacha lami na kushika njia ya udongo iendayo mashambani. Huko ndiko Land Rover kuukuu inakopata heshima yake, na huko ndiko mwenyewe anakopata hasara.

Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam, Aprili 1948, nalo lilikusudiwa hasa kwa wakulima wa Uingereza. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Ndiyo sababu mnunuzi huvutwa na sura njema, asikumbuke kwamba fremu iliyo chini ni ya chuma, ina uwazi ndani, nayo huoza toka ndani kama nguzo iliyoliwa na mchwa. Yampasa alale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge fremu toka mbele hata nyuma, hasa pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mzito usio na uhai. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ni jambo la kushukiwa.

Chuma kingine kinachosumbua ni kile kinachozungusha gurudumu la nyuma, ambacho mafundi hukiita hafu shafti. Hukatika ghafula, mara nyingi gari likivuta mzigo. Ikiwa hivyo, dereva asikate tamaa: abonyeze kirungu cha manjano, na magurudumu ya mbele yatamfikisha nyumbani. Siku nyingine, gari likiwa zima, kirungu hicho kisiachwe chini kwenye lami kavu, kwani ekseli mbili hushindana na gia huumia. Wengi hujaribu kukivuta kwa nguvu, wakakivunja. Gari lisimamishwe, mkono mwekundu uvutwe nyuma kisha urudishwe mbele, na cha manjano kitaruka chenyewe.

Katika kuvuta gari lililokwama, hatari kubwa ni mnyororo. Ukikatika huku umekazika, waweza kumwua mtu aliyesimama karibu, na watoto wa vijijini hupenda kusogea karibu kutazama. Kwanza watu wote waondolewe. Mnyororo ufungwe kwenye fremu, si kwenye bamba, na gunia zito lililoloweshwa maji liwekwe juu yake katikati. Kisha gari liende polepole kwa gia nzito hata mnyororo unyoke. Kurukaruka ndiko kunakokata hafu shafti. Kama linalovutwa ni gari la siku hizi, ufunguo wake usitolewe, maana usukani waweza kujifunga. Tena dereva wake ajue kwamba injini ikizimwa breki huwa nzito sana.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko matope. Mwenye Land Rover huitwa usiku na mchana. Anayepeleka mgonjwa hospitali ya Longisa hakataliwi, wala hapana mtu mwema atakayemdai. Lakini mchuuzi wa maziwa aliyekwama kwa kulijaza gari lake kupita kiasi naye huvutwa, akashukuru, akaenda zake. Petroli imekwisha, na hafu shafti mpya itanunuliwa na mwenye gari peke yake. Kuona haya kudai ni adabu, ila adabu hiyo imeyafanya magari mengi kusimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, nyasi zikiota ndani, na kijiji kikakosa gari la kukimbilia. Afadhali wafanyavyo wengine, ambao kabla ya kufunga mnyororo huweka dumu tupu la lita 5 mbele ya mchuuzi, wakangoja. Mgonjwa akiletwa, dumu hubaki ndani ya gari.