Homa Bay na Migori Huchagua Kabla ya Agosti

Mara nyingi ugavana wa kaunti za Homa Bay na Migori, Kenya, huamuliwa kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Agosti. Tiketi ya chama cha ODM ikishapata mwenyewe, kilichobaki ni kuwahimiza watu wavae suti kamili, yaani wapigie chama kuanzia rais hadi mwakilishi wadi. Kwa hiyo kanuni ya mchujo wa chama ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria ya Vyama vya Siasa, iliyorekebishwa Januari 2022, inaruhusu njia mbili: wanachama walioandikishwa wapige kura wenyewe, au wajumbe wapige kwa niaba yao. Ila kuna ya tatu inayopendwa na wakubwa wa chama, maafikiano. Mwaka huohuo wa 2022, Homa Bay, John Mbadi alijiondoa kwenye kinyang'anyiro cha ugavana, Oyugi Magwanga akakubali kuwa mgombea mwenza, na Gladys Wanga akapata tiketi. Evans Kidero aliwania kama mgombea huru, akashindwa.

Wasiokubali huhama, na wakati mwingine hurudi na kupokelewa. Okoth Obado alitwaa ugavana wa Migori mwaka 2013 kwa chama cha PDP, akimbwaga mgombea wa ODM, Profesa Edward Oyugi. Mwaka 2017 alitetea kiti chake akiwa ODM. Eddy Oketch naye aliwania useneta wa Migori katika uchaguzi mdogo wa 2018 kwa chama kingine, baada ya ODM kumkabidhi Ochillo Ayacko tiketi bila mchujo. Alishindwa. Mwaka 2022 akawa seneta, na mara hii ni kwa ODM. Yaani mchujo usipofanyika, ugomvi wake huhamia kwenye uchaguzi wenyewe.

Kama ni lazima mchujo ufanyike, je, tuwaite watu uwanjani wajigawe hadharani? Wanachama wa Democratic huko Iowa, Marekani, walifanya hivyo kwa miaka mingi: kila kundi kona yake, na kundi lisilofikisha asilimia 15, kiwango cha kawaida, wafuasi wake walichagua kona nyingine. Tuseme watu 100 wamekusanyika katika shule moja Rangwe. Wa kwanza ana 46, wa pili 30, wa tatu 14, wa nne 10. Kwa mchujo wetu wa kawaida, wa kwanza ameshinda. Kwa kanuni ya Iowa, wale 24 wa nyuma wanahama. 21 wakimwendea wa pili, anafika 51 na mambo yanageuka. Kwenye mchujo wenye wawaniaji saba au wanane, kanuni hiyo ingemzuia mtu kushinda kwa sababu tu wapinzani wake wamegawana kura.

Lakini kona za hadharani, hapana. Kenya iliyaona hayo mwaka 1988, wakati wa mlolongo wa KANU. Watu walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa bila kupingwa. Foleni fupi zilitangazwa ndefu, na hapakuwa na karatasi ya kuhesabu upya. Siku hizi kuna basari pia. Mzazi wa Ndhiwa anayesubiri karo ya mwanawe kutoka ofisi ya mbunge hatasimama kona ya mpinzani huku wakala wa mbunge akiandika majina. Duru ya pili naitaka, ila kwa kura ya siri.

Wajumbe nao wana faida yao, hasa Migori. Kaunti hiyo ina wadi 40, na Kuria Mashariki na Kuria Magharibi, ambako ODM haina wafuasi wengi, humezwa kwenye kura ya wanachama. Kila wadi ikileta wajumbe sawa, mwaniaji wa ugavana atalazimika kwenda Kehancha kuomba kura mapema, badala ya kuwaachia Wakuria kiti cha naibu gavana kama ilivyozoeleka. Hatari iko kwenye orodha. Wajumbe wakiteuliwa wiki moja kabla na mwenyekiti wa tawi, hayo ni maafikiano yaliyovishwa koti jingine, na mlalamikaji atafika mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa akiwa mikono mitupu. Orodha ibandikwe miezi mitatu kabla ya mchujo wa 2027, wadi kwa wadi, ikionyesha kila mjumbe alichaguliwa lini na wapi. Chama kikishindwa na hilo, basi wanachama wote wapige kura, hata kama ni gharama.