Mgomo Haukuanzia Barabarani

Wenzangu wa kalamu, kuna methali moja nataka tuipumzishe kidogo. Kila madaktari wa Kenya wanapogoma utaisikia redioni, na utaikuta hata kwenye mswada wa rafiki yako: fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Tamu, ndiyo. Lakini inatuambia kwamba wanaopigana wana nguvu sawa, na hakuna aliyeanza.

Mimi si daktari. Niliishia kidato cha nne, na nikiugua naenda hospitali ya serikali. Kwa hivyo hizo nyasi ni mimi. Basi niacheni niulize: nani aliyeanza?

Wengi huuanzisha ule mgomo mkubwa tarehe 5 Desemba 2016, madaktari wa hospitali za umma nchi nzima walipoacha kazi. Ukianzia hapo, mkosaji ni daktari tu. Lakini hebu rudi hadi tarehe 27 Juni 2013. Siku hiyo serikali ilitia saini mkataba na chama cha madaktari, KMPDU, kuhusu mishahara na hali ya kazi. Kisha? Karatasi ikalazwa. Mara haijasajiliwa mahakamani, mara afya imehamia kaunti. Miaka mitatu na ushei! Oktoba 2016 ikavuja ripoti ya ukaguzi iliyohoji matumizi ya takriban shilingi bilioni 5 katika Wizara ya Afya. Na bado ati pesa hazipo. Ndipo madaktari wakaingia barabarani na maneno matatu: "Lipa kama tenda." Nani kati yetu ameandika mstari mkali kuliko huo?

Serikali ikaahidi nyongeza ya asilimia 40. Wakakataa, wakataka kilichoandikwa. Februari 2017 viongozi 7 wa chama wakatupwa ndani kwa kudharau mahakama. Walioupuuza mkataba walilala kwao. Mgomo ulikwisha Machi 14, baada ya siku 100.

Wagonjwa walikufa, sitaficha, na daktari naye ana lake la kujibu. Lakini hata kabla ya mgomo watu walikuwa wakifa kwa kukosa daktari na dawa, na hapo hakuna aliyepiga kelele kwamba serikali imegoma.

Machi 2024 tukarudi pale pale, siku 56. Mkataba wa 2017 uliwapa madaktari wanagenzi shilingi 206,400 kwa mwezi; serikali ikataka wapokee 70,000. Saini nyingine, hadithi ile ile.

Sasa wewe unayeota kuandika riwaya, unajua kwamba pale unapoanzia ndipo msomaji anapomtafuta mwenye hatia. Ukianzia kwenye wodi tupu, umeshamwokoa aliyesababisha iwe tupu. Anzia mezani, kalamu ikitia saini, watu wakipeana mikono na kupigwa picha. Na mhariri akikuambia hiyo ni siasa, muulize: mama akikosa wa kumzalisha, hiyo nayo ni siasa?