Chris Powell na mlango mwembamba wa ukocha Uingereza

Hapa kusini-mashariki mwa London, ambako Waafrika wengi wamejenga makazi kuanzia Woolwich hadi Plumstead, jina la Chris Powell bado linatajwa kwa heshima. Tunalileta leo kwa sababu wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanahangaika kuwapeleka watoto wao kwenye shule za soka za klabu za jiji hili, na wachache sana hujiuliza mchezaji mweusi anaishia wapi miguu ikichoka.

Powell, mzaliwa wa Lambeth mwaka 1969, hakuanza kama nyota. Crystal Palace hawakumpa nafasi ya maana, akaenda kutafuta riziki Southend, iliyokuwa daraja la tatu mwaka 1990. Beki huyo wa kushoto alivumilia madaraja ya chini kwa miaka mingi kabla ya kuitwa timu ya taifa ya England Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 31.

Januari 2011 Charlton, klabu aliyoichezea kwa vipindi vitatu, ilimkabidhi timu ikiwa daraja la tatu. Msimu uliofuata alitwaa ubingwa kwa pointi 101, na mwaka 2013 akamaliza nafasi ya tisa katika daraja la pili. Mapema 2014 klabu ikanunuliwa na tajiri wa Ubelgiji, Roland Duchâtelet. Wachezaji muhimu, Yann Kermorgant na Dale Stephens, wakauzwa, timu ikaporomoka mkiani, na Machi 11, siku mbili baada ya kutolewa robo fainali ya Kombe la FA, kibarua cha Powell kikaota nyasi.

Je, tatizo lilikuwa kocha? Baada yake walipita Riga, Peeters, Luzon, Fraeye, kisha Riga tena, na mwaka 2016 Charlton ikashuka daraja. Jibu msomaji analo.

Mwaka huo huo wa 2014, kati ya Januari na Aprili, walitimuliwa pia Paul Ince pale Blackpool na Chris Hughton pale Norwich. Tusijifanye watakatifu lakini, maana hata kwetu subira ni haba. Simba ya Dar es Salaam ilimchukua Mwingereza Dylan Kerr, naye beki wa kushoto wa zamani, mwaka 2015 na kumfungashia virago Januari 2016. Akaenda Gor Mahia na kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2017 na 2018. Kerr alipofukuzwa alipata klabu kubwa nyingine ya kuiongoza.

Mwaka 2019 ligi za chini za Uingereza ziliweka kanuni ya kumsaili angalau mwombaji mmoja mweusi au mwenye asili ya Asia. Kanuni hiyo ina tundu: inafanya kazi pale tu klabu inaposaili watu kadhaa. Mwenye klabu aliyekwisha kumchagua mtu wake haguswi.

Powell alipita Huddersfield na Southend, kisha akawa kwenye benchi la England lililofika fainali ya Ulaya Wembley mwaka 2021. Mwaka 2023 Sheffield Wednesday walimchukua kuwa msaidizi. Kocha mkuu alikuwa Danny Röhl, Mjerumani wa miaka 34, kijana hodari kwa kweli, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote.